Mgeni Njoo, Mwenyeji Yu Nje ya Lango

Wahenga walipolonga kwamba mgeni njoo mwenyeji apone, waliwazia nyumba yenye mlango mmoja. Mgeni aliingia kwa mlango uo huo alioutumia mwenyeji, akatandikiwa mkeka ule ule, akala kilichopikwa katika jiko lile lile. Kupona kwa mwenyeji hakukuwa muujiza. Jogoo ambaye angesubiri sikukuu alichinjwa siku hiyo, na watoto wa nyumbani wakapata mchuzi. Makala haya yanadhamiria kuipima methali hiyo kwa mizani ya biashara moja iliyoenea katika visiwa vya Karibi, biashara iliyojenga nyumba yenye milango miwili: mmoja wa mgeni, na mwingine wa mwenyeji anayefika alfajiri kuingia zamu.

Biashara yenyewe ni ya zile hoteli za ufuoni ambazo mgeni huzilipia kwa mkupuo mmoja kabla hata hajapanda ndege. Malipo hayo hugharimia chumba, milo mitatu na vitafunio vya katikati, vinywaji baridi na vikali, michezo ya majini, ngoma za usiku, na mara nyingi gari la kumtoa uwanja wa ndege na kumrudisha. Akishafika, mgeni hufungwa ukanda wa rangi kwenye kifundo cha mkono, na ukanda huo ndio kibeti chake kwa siku zote atakazokaa. Waingereza huziita all-inclusive. Sisi hatuna istilahi iliyokubalika. Kwa minajili ya makala haya nitaziita hoteli za yote-ndani, na mwenye neno bora na alilete, uwanja u wazi.

Huenda msomaji akauliza: Karibi na Kiswahili wapi na wapi? Swali hilo lina majibu zaidi ya moja. Kwanza, wasemaji wa Kiswahili wanaoishi Amerika Kaskazini si haba, na kwao Karibi ni mwendo wa saa chache kwa ndege, si kama kwetu ambako safari hupitia Ulaya au Marekani na kumeza siku nzima au zaidi. Mwaka jana, mwenzangu tuliyesoma naye shahada ya kwanza, ambaye sasa ni muuguzi huko Marekani, aliniandikia akitaka ushauri. Yeye na mchumba wake walitaka kwenda fungate, na walikuwa wakisitasita baina ya Montego Bay nchini Jamaika, Punta Cana katika Jamhuri ya Dominika, na Barbados. Aliniambatishia vijitabu vitatu vya matangazo. Nilivisoma kwa makini ya mwanafunzi wa isimu na nikabaini kwamba vingeweza kubadilishana majalada pasi na mtu kutambua. Mnazi ulikuwa ule ule, machweo yale yale, na mhudumu aliyebeba sinia alitabasamu kwa namna ile ile. (Neno fungate, tukumbuke, linatokana na neno kongwe la kuhesabia saba, kabla ya saba ya Kiarabu kulifukuza. Na vijitabu vyote vitatu viliuza siku saba. Wauzaji wa fungate hawakujua walikuwa wakifuata mila za Waswahili!)

Pili, na hili ndilo linalotugusa zaidi, vijitabu vya aina hiyo vinatafsiriwa. Wengi wetu tutakaohitimu katika tafsiri tutaajiriwa, au tutajiajiri, kuandikia sekta ya utalii. Lugha ya matangazo ya Karibi na lugha ya matangazo ya Diani na Watamu ni watoto wa baba mmoja. Kwa hivyo si jambo la anasa kuichunguza.

Tuanze na sarufi basi. Tukisema hoteli inajumuisha yote, kitenzi kujumuisha ni cha ukoo mmoja na jamii, jamaa na jumuiya. Ni kitenzi chenye harufu ya watu. Lakini upatanisho wa kisarufi unatufichulia jambo. Hoteli hizi zinajumuisha yote, hazijumuishi wote. Yote ni mambo: chakula, kinywaji, mashua, taulo. Wote ni watu. Kijitabu kinaorodhesha kwa ukarimu mkubwa kila kilichomo, hadi idadi ya mito kitandani, ila hakitaji ni nani anayeruhusiwa kuingia na ni nani amezuiwa. Nusu-irabu moja inatenganisha maneno hayo mawili, na katika pengo la nusu-irabu hiyo umesimama ukuta. Rai yangu ni hii: anayechagua hoteli ya yote-ndani asianze kwa kutazama kilichomo ndani. Atazame lango. Aulize nani hupita hapo, akielekea wapi, akiwa amebeba nini.

Historia ya ukuta huo haijanyooka kama wanavyodhani wakosoaji wengi. Asili ya mtindo huu si Karibi. Mwaka 1950 Mbelgiji Gérard Blitz alianzisha Club Med katika kisiwa cha Majorca, Uhispania, kwa mahema. Wageni walilipa kwa pamoja, na baadaye shanga zikawa ndizo pesa zao za kununulia vinywaji, ili mtu asahau kwamba kuna kitu kiitwacho noti. Mtindo huo ulipovuka Atlantiki, waliouchukua na kuupa sura tunayoijua leo walikuwa, kwa kiasi kikubwa, Wajamaika wenyewe. Mwaka 1976 John Issa alifungua Negril Beach Village, ambayo baadaye ilikuja kuitwa Hedonism II. Mwaka 1981 Gordon Stewart, mzaliwa wa Jamaika aliyefariki Januari 2021, alifungua Sandals ya kwanza mjini Montego Bay.

Miaka hiyo haikutokea hivi hivi. Mwaka 1976 serikali ya Jamaika ilitangaza hali ya hatari kwa sababu ya machafuko ya kisiasa, na uchaguzi wa mwaka 1980 uligharimu roho za mamia ya watu. Magazeti ya Marekani yaliandika habari za bunduki za Kingston, na vitanda vya Montego Bay, mji ulio upande wa pili wa kisiwa, vikabaki vitupu. Mwenye hoteli angefanyaje? Alimwambia mgeni: lipa ukiwa kwako, nitakupokea uwanjani, nitakulisha, nitakuchezesha ngoma, wala hutalazimika kutoka nje. Ukuta ulijengwa na hofu ya mnunuzi kabla haujajengwa na tamaa ya muuzaji. Asiyelitambua hili atamhukumu mwenyeji kwa kosa ambalo nusu yake ni la mgeni.

Hata hivyo, ukuta uliojengwa kwa sababu ya hofu hauvunjiki hofu inapokwisha. Hapa ndipo suala la mchanga linapoingia. Nchini Jamaika, Sheria ya Udhibiti wa Fuo ya mwaka 1956, iliyotungwa miaka sita kabla ya uhuru, iliweka ufuo na sakafu ya bahari mikononi mwa Taji, na matumizi yake yakawa ya kuombewa leseni. Haki ya jumla ya raia kuingia ufuoni na kuogelea haikuwekwa. Uhuru ukaja mwaka 1962, bendera ikabadilika, sheria ikasalia. Ndiyo maana katika miaka ya hivi karibuni wananchi wamekwenda mahakamani, chini ya vuguvugu liitwalo JaBBEM, kudai njia za kufikia sehemu kama vile Mammee Bay na Blue Lagoon ambazo wazazi wao walizipita bila kuulizwa chochote. Mvuvi anadai kijia cha kupitisha wavu wake. Mama anadai mahali pa kumfundishia mwanawe kuogelea katika kisiwa kilichozungukwa na maji pande zote.

Linganisha na Barbados. Huko fuo zote ni za umma kisheria. Hoteli inaweza kuwa na vyumba vya bei ya kuogofya, lakini mchanga ulio mbele yake hauna mwenyewe. Mwenyeji hupita hapo na mbwa wake asubuhi, na mgeni akitaka asitake atamwona. Simaanishi kwamba Barbados ni pepo. Vijia vya kufikia mchanga navyo huzibwa kwa majengo, na wenyeji hulalamika. Lakini anayelalamika ana sheria mkononi. Kati ya kudai haki uliyo nayo na kuomba hisani usiyo nayo, tofauti ni ya mbingu na ardhi.

Lango si la mabepari pekee. Kuba, iliyofanya mapinduzi mwaka 1959 na kufungua fuo kwa umma, ilijikuta baada ya kusambaratika kwa Muungano wa Kisovieti ikitafuta fedha za kigeni kwa udi na uvumba, na ikajenga hoteli za yote-ndani huko Varadero. Hadi Machi 2008 raia wa kawaida wa Kuba hakuruhusiwa kulala katika hoteli za watalii za nchi yake mwenyewe, hata angekuwa na fedha. Serikali ya Raúl Castro ndiyo iliyoiondoa marufuku hiyo. Wanaopenda kugawa ulimwengu katika kambi mbili na walitafakari hilo.

Tukiliacha lango la mbele, tuzunguke hadi lango la jikoni, maana humo ndimo methali yetu inamopimwa hasa. Jogoo wa mgeni anatoka wapi? Filamu ya hali halisi iitwayo Life and Debt, aliyoiongoza Stephanie Black mwaka 2001, inaonyesha jinsi Jamaika ilivyolegeza ushuru kwa masharti ya wakopeshaji, na jinsi maziwa ya unga na vitunguu kutoka ng'ambo vilivyomwagika sokoni hadi wafugaji na wakulima wakashindwa kuuza. Mtalii anayekula kiazi cha Marekani kisiwani Jamaika hajavuka bahari kwa tumbo lake. Amehamisha mwili tu. Fedha nazo zina mwendo wao. Anayelipia Toronto au Manchester humlipa wakala wa huko, ambaye hulipa shirika la ndege la huko, kisha sehemu iliyobaki huenda kwa mwenye hoteli, ambaye huenda naye akawa na akaunti Uhispania au Miami. Kinachofika kijijini ni mshahara wa mtandika vitanda na mfyeka majani. Mshahara huo si wa kudharauliwa hata kidogo: umesomesha watoto. Lakini muuza samaki wa kando ya barabara, mwenye teksi, mchonga vinyago na mama mwenye kibanda cha mikate ya muhogo, ile wanayoiita bammy, hawaguswi na senti hata moja, kwa sababu mgeni aliyekwisha kulipia chakula chote haoni kwa nini anunue kingine. Huo ndio ubaya wa ndani kabisa wa mtindo huu, nao hautokani na roho mbaya ya mtu yeyote. Unatokana na hesabu. Chakula kilicholipiwa humfunga mgeni kuliko ukuta wa mawe.

Haki itendeke hapa pia. Kuanzia miaka ya 1990 Sandals ilianza mpango wa kununua mazao kwa wakulima wa Jamaika, na zipo hoteli nyingine za yote-ndani zinazoeleza waziwazi zinakonunua samaki wao. Hoteli ndogo isiyo na ukuta nayo yaweza kuwa mali ya mtu asiyewahi kukanyaga kisiwani, inayoagiza hata limau kutoka Florida. Kwa hivyo jina la mtindo halitoshi kuhukumu. Yafaa kuuliza.

Sasa nije kwenye lugha, eneo ambalo sisi tuna la kusema kuliko wanauchumi. Jamaika wana Kipatwa chao, Saint Lucia wana Kikrioli chenye msamiati wa Kifaransa, Haiti wana Kikrioli chao ambacho ni lugha rasmi kwa mujibu wa katiba ya mwaka 1987. Ni lugha zilizozaliwa mashambani mwa miwa, vinywani mwa Waafrika walionyang'anywa lugha zao. Mgeni wa yote-ndani anaweza kukaa siku saba asisikie hata sentensi moja kamili ya lugha hizo. Atasikia maneno mawili matatu ya kumfurahisha, "irie" na "no problem", basi. Je, hilo halitukumbushi kitu? Mwaka 1982 kundi la Them Mushrooms, lililokuwa likitumbuiza watalii katika hoteli za Pwani yetu, lilitoa wimbo wa Jambo Bwana, nao ukazunguka dunia. Sina ugomvi na wimbo huo. Umewalisha waliouimba, na muziki wake ni mtamu. Lakini tangu hapo kuna Kiswahili cha langoni, chenye "jambo" lisilo na kiambishi wala jibu, kinachosemwa na watu ambao majumbani mwao husema "hujambo" na "sijambo", na kwa wazee "shikamoo". Mhudumu wa Negril na mhudumu wa Nyali wote wawili hulivua vazi la lugha yao pale langoni, pamoja na viatu vyao, na kuvaa sare. Nani ataandika tasnifu ya kulinganisha Kiswahili cha langoni na Kipatwa cha langoni? Mada hiyo naitoa bure.

Waandishi wa Karibi waliliona hili mapema. Jamaica Kincaid, aliyezaliwa Antigua mwaka 1949, alichapisha mwaka 1988 kijitabu kiitwacho A Small Place. Mbinu yake inastahili kusomwa na kila mwanafunzi wa fasihi linganishi: anamsimulia mtalii kwa nafsi ya pili. Wewe umetua, wewe umepanda teksi, wewe unaogelea bila kujua maji machafu ya choo chako yanaishia wapi. Kwa Kiswahili mbinu hiyo ingeuma maradufu, kwa kuwa kiambishi u- hujirudia mwanzoni mwa kila kitenzi kama kidole kinachonyooshwa. Derek Walcott naye, mshairi wa Saint Lucia aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1992, alipinga hadharani kujengwa kwa hoteli ya Jalousie katikati ya vilele viwili vya Piton. Hoteli ilijengwa. Mwaka 2004 UNESCO iliviingiza vilele hivyo katika orodha ya urithi wa dunia, hoteli ikiwa tayari imeketi baina yao.

Lakini kuna pahala ambapo kupinga kulizaa matunda. Kisiwani Tobago, serikali ya Trinidad na Tobago ilipanga kuileta Sandals. Wananchi waliuliza maswali: mkataba unasemaje, nani atalipia ujenzi, mazingira yatakuwaje. Januari 2019 kampuni ikajiondoa, ikilalamikia habari mbaya zilizoandikwa juu yake. Wapo Watobago wanaojuta hadi leo kwa ajira zilizopotea, na siwacheki. Asiye na kazi hali ufuo. Wapo pia waliopumua.

Kisa cha Barbuda ni kizito zaidi. Kisiwa hicho, ndugu mdogo wa Antigua, tangu kukomeshwa kwa utumwa kimekuwa na ardhi ya umiliki wa pamoja, desturi iliyotiwa katika sheria mwaka 2007. Septemba 2017 kimbunga Irma kilikipiga, na wakazi wote, chini ya elfu mbili, wakahamishiwa Antigua. Kabla hawajamaliza kurejea na kuezeka upya, serikali ilikuwa imeanza kuibadilisha sheria ile ili ardhi iweze kumilikiwa na mtu binafsi kwa hati, huku wawekezaji wa hoteli za kifahari wakiwa wameshasimama mlangoni. Aliyetazama kisiwa kile kwa macho ya kijitabu aliona ufuo mweupe usio na mtu. Haukuwa na mtu kwa sababu mtu alikuwa kambini ng'ambo ya pili.

Nimesikia hoja ya wanaotetea mtindo huu, na ile yenye nguvu kuliko zote si ya usalama; ni ya familia yenye kipato cha kawaida. Mzazi mwenye watoto watatu, anayefanya kazi mbili mwaka mzima, anataka kujua tangu mwanzo kwamba likizo itamgharimu kiasi fulani na haitazidi. Hataki kuhesabu kila soda. Hoja hiyo naipokea. Uhakika wa gharama ni haki ya maskini wa kipato, wala si ulegevu. Ila hata uhakika huo usiaminiwe kwa jina tu. Neno yote katika vijitabu hivi lina mipaka ambayo hupigwa chapa kwa herufi ndogo: migahawa fulani hulipiwa zaidi, pombe ghali hulipiwa zaidi, kuzamia kwa mitungi ya hewa hulipiwa zaidi, na kodi nyingine hungoja mtu anapoondoka. Anayelinganisha bei alinganishe kwanza maana ya yote katika kila kijitabu.

Nilimjibu mwenzangu kwa barua ndefu ambayo sitairudia yote. Nilimweleza kuhusu majira: kwamba vimbunga hutarajiwa kuanzia Juni hadi Novemba, kwamba Julai 2024 Beryl ilikifagia kisiwa cha Carriacou nchini Grenada, na kwamba Oktoba 2025 Melissa ilipiga magharibi mwa Jamaika kwa nguvu zisizowahi kuonekana huko, kwa hiyo aulize hoteli imejengwa upya kiasi gani, na wafanyakazi wake, je, wamejengewa? Aruba, Bonaire na Curaçao ziko kusini mno na hupitiwa na vimbunga kwa nadra. Nilimweleza kuhusu mwani wa sagasamu, ambao tangu mwaka 2011 umekuwa ukielea kwa wingi kutoka Atlantiki katika miezi ya joto na kuoza ufuoni kwa harufu ya mayai viza. Mara nyingi pande za mashariki, ikiwemo Punta Cana, ndizo huathirika zaidi, na pande za magharibi zenye maji matulivu huwa na nafuu. Kijitabu hakina mwani. Picha zilipigwa siku nyingine.

Kisha nikamwandikia maswali ya lango, ambayo hakuna kijitabu kinachoyajibu lakini barua moja kwa hoteli hujibiwa, au hunyamaziwa, na kunyamaza nako ni jibu. Je, mwenyeji asiye na ukanda anaweza kutembea kwenye mchanga ulio mbele yenu? Je, mgeni akitaka kutoka kwa miguu jioni, kuna njia, na ipo sehemu ya kwenda? Samaki wenu wa leo wamevuliwa wapi? Mwenye hoteli ni nani? Wafanyakazi wenu wana chama? Katika hoteli tatu alizoniletea, anaye haki ya kuchagua yoyote itakayomjibu kama mtu anayejibu mtu. Lakini yeye aliponibana nitaje moja, sikujificha: nilimwambia aende Barbados, achukue chumba chenye kifungua kinywa pekee, na Ijumaa usiku ateremke Oistins kula samaki wa kuchoma pamoja na wenyeji, kwenye meza za mbao, fedha taslimu mkononi. Na kama moyo wake umeshikamana na Jamaika, aiache Montego Bay aelekee Treasure Beach, upande wa kusini, ambako nyumba za wageni ni ndogo na wavuvi bado hupandisha mashua zao pale pale wageni wanapoogelea. Beryl na Melissa zote mbili zimeiumiza sehemu hiyo. Mgeni akija huko, mwenyeji ana jambo la kupona.

Kuna methali nyingine tuliyokaririshwa tangu shule za msingi: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wageni wa yote-ndani hukaa siku saba na jembe hawalioni. Sipendekezi watalii walimishwe miwa. Miwa imelimwa vya kutosha Karibi, na waliolima wanajulikana. Lakini jembe katika methali ile ni alama ya kumhesabu mgeni miongoni mwa watu wa nyumbani, mwenye jukumu na mwenye jina. Mgeni asiyepewa jembe amebaki mtu wa ukanda.

Kwetu sisi tunaojiandaa kutafsiri, jembe liko karibu zaidi. Vijitabu vile vitatu vyote vilinadi ufuo wa kibinafsi. Kwa Montego Bay mfasiri aweza kubishana na mteja wake kuhusu kivumishi hicho, akashinda au akashindwa. Kwa Barbados na Punta Cana hapana ubishi: hakuna ufuo wa aina hiyo kisheria, na anayeandika hivyo kwa Kiswahili safi amesema uongo kwa Kiswahili safi. Andika "ufuo ulio mbele ya hoteli". Mteja akirudisha rasimu akidai neno limeanguka, mwonyeshe sheria.